Kipande Kilicholala kwenye Diski

Kaka yangu mkubwa hajawahi kununua kitu ambacho watu hawakukiona. Laptop yangu aliifungulia uani kwa baba, Kibosho, siku ya Krismasi, mbuzi ameshachinjwa, wajomba na mashangazi wamekaa na vibuyu vya pombe ya mbege mikononi. Alilifungua boksi taratibu, akaiinua juu, watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa jikoni nakoroga mtori. Nikaitwa nije nishukuru mbele za watu, mikono inanuka vitunguu. Nilishukuru, lakini nilikuwa nimekereka, kwa sababu nilichoagiza hakikuwa hicho.

Nilikuwa na ofisi ya uchapaji Njoro, chumba kimoja chenye dirisha la barabarani. Ndoa yangu ilikuwa imevunjika, na kwetu binti hana kihamba, yaani shamba la urithi wa ukoo. Migomba na kahawa ya baba ni ya watoto wa kiume, na mwenye neno ni wa kwanza. Binti aliyerudi nyumbani hupewa kitanda na chakula, halafu watu wanaanza kutazama anachota kiasi gani. Kile chumba cha Njoro ndicho kilichokuwa kihamba changu. Kikifungwa, ningepanda mlimani kwenda kuishi kwa hisani ya kaka, na hilo nililiogopa kuliko njaa, nasema kweli.

Kazi iliyokiweka chumba hai ni mitihani. Sista mmoja, mkuu wa sekondari ya wasichana, alisimamia mtihani wa majaribio wa kidato cha nne kwa shule kadhaa, na uchapaji wote alinipa mimi. Sharti lake lilikuwa moja tu: mtihani haufunguliwi kwenye mashine ya mtu mwingine, iwe rafiki, iwe ndugu. "Ukivuja mara moja, mama, mimi na wewe basi," aliniambia. Na hakuwa mtu wa kusema maneno ya kujaza hewa.

Mashine yangu ya kwanza ilikuwa ya kuunga. Nilikaa na fundi wa pale mjini, mwanamume wa maneno mengi na kiburi cha kutosha, tukachagua kimoja kimoja: bodi, memori ya kutosha, tundu la flopi kwa sababu walimu wote walileta kazi zao kwenye flopi, na soketi pana ya nyuma kwa ajili ya printa yangu kuukuu. Ubavu mmoja wa boksi lake ulikuwa wazi, nyaya nje, mteja akiingia anashtuka. Kaka aliiita mkokoteni. Lakini kila kilichokuwa ndani nilijua kwa nini kipo.

Laptop niliitaka kwa sababu ya mgao wa umeme. Kaka alikuwa Dar, kwenye kampuni kubwa, na alisema ataninunulia. Nikampigia simu nikamweleza kwamba siku hizi mtu anaweza kuagiza atengenezewe anavyotaka, nikamtajia ninavyotaka, nikamfanya arudie. Akarudia vizuri kabisa. Kisha akaenda dukani akachukua iliyokuwa mbele.

"Mdogo wangu, hizi zimeshapangwa na wataalamu," alinijibu siku ile ya Krismasi nilipomvuta pembeni. "Wewe ni nani wa kuwaambia waweke nini? Tena ule mkokoteni uondoe pale ofisini, unaniaibisha."

Hakungoja niuondoe. Wiki ileile aliupakia kwenye gari lake akaupandisha Kibosho, akautupa kwenye stoo ya kahawa. Stoo yenyewe ilikuwa tupu tangu kahawa ilipoacha kulipa, haina kitu ila magunia na panya. Nilibaki mlangoni nimeshika kitambaa cha kufutia vumbi; laptop nilikuwa nimepewa bure, na mpewa bure huwa hana mdomo.

Kwa macho, ile laptop ilikuwa nzuri. Ukianza kuitumia ndipo unaona mahali watengenezaji walipobana. Tundu la flopi hakuna. Soketi pana ya printa hakuna, ikabidi nitafute waya wa kugeuzia. Diski ni ndogo. Memori waliweka kidogo, na nafasi ya kuongeza nyingine hawakuiacha. Betri ilikuwa inakata roho kabla umeme wa mgao haujarudi, wakati betri ndiyo sababu ya kuitaka. Na lile boksi nililipekua mpaka chini nikitafuta sidii za kuirudishia programu zake ikiharibika. Hakukuwa na sidii hata moja. Nikajua watu hawa ni kama mama ntilie anayekupa sahani kubwa ili usione nyama ni ndogo.

Pasaka kaka akaja tena. Siku hiyo baba alikuwa ameteremka mjini kutazamwa macho hospitali, akapitia kwangu Njoro, wakakaa wote wawili mbele ya laptop. Kaka alikuwa na programu aliyoitoa kazini kwake, akaiwasha amwonyeshe mzee jinsi diski ilivyogawanyika. Skrini ikaonyesha mraba mrefu, sehemu kubwa ya buluu, na pembeni kipande chembamba cha kijivu.

Baba akasogeza miwani. "Na hiki ni cha nani?"

"Hakina mtu, baba. Kimelala tu."

Mtu wa tambarare hawezi kuelewa neno hilo linavyomchoma mzee wa mlimani. Kule kwetu mtu anapanda maharage chini ya kahawa, kahawa chini ya migomba, na magimbi kwenye ukingo wa mfereji. Ukiacha kipande kilale, watoto wa baba yako mdogo wataanza kukipitapita. Baba alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli.

"Kimelala, na mwenzenu analia nafasi ndogo? Kina masale?"

Masale ndiyo majani tunayopanda mpakani. Penye sale hapaguswi, hata kama mwenyewe amekufa.

"Hakina," kaka akasema akicheka.

"Basi lima."

Nikaweka chini birika la chai. "Kaka, usikiguse. Kuna mstari hapo, mtu hawezi kuchora mstari bila sababu. Tumuulize kwanza fundi."

"Fundi wa mikokoteni? Hebu lete sukari."

Nikaenda kuileta. Niliporudi, kijivu kilikuwa kimekwisha, mraba wote ni buluu, na baba anaridhika kama mtu aliyeona palizi imeisha. Mbele ya baba ningefanya nini? Nikamimina chai.

Balaa lilikuja wiki ya mtihani wa majaribio. Nilikuwa nimeshachapa masomo yote, bado kutoa nakala safi za kupeleka kudurufiwa, na Sista alizitaka Ijumaa asubuhi. Jumatano umeme ukakatika, betri ikazima katikati ya kazi kama kawaida yake. Umeme uliporudi nikawasha, skrini ikabaki nyeusi na mstari mmoja wa maandishi meupe unaosema mfumo haupatikani. Nikazima, nikawasha. Ukaja uleule. Nilikaa pale nimeweka mikono mapajani, na mteja dirishani ananiuliza kama natoa fotokopi.

Fundi alikuja. Alibonyeza kitufe fulani, akasubiri, akabonyeza tena, kisha akanigeukia. "Hizi mashine haziji na sidii. Wamebana pesa ya sidii, wakaficha programu zote kwenye kipande cha diski. Ukibonyeza hapa inajirudisha yenyewe. Cha kwako kiko wapi?"

"Kimelimwa," nikasema. Hakucheka, na mimi sikuwa natania.

Akajaribu kuipa programu kutoka kwenye sidii yake. Mashine ikakubali nusu, kisha ikadai flopi yenye maelezo ya diski, bila hiyo haiendelei. Flopi, na mashine haina tundu la flopi. Hapo fundi aliwatukana watengenezaji matusi ambayo siwezi kuyaandika, na kwa mara ya kwanza nilimpenda.

"Kazi yako haijapotea," akasema baada ya kupoa. "Diski naichomoa, naitia kwenye kikasha, unaichomeka kompyuta yoyote. Twende dukani kwangu sasa hivi."

"Siwezi. Ni mitihani."

"Nani atajua?"

Hilo swali lilinikaa kichwani. Nani angejua? Dukani kwake kulikuwa na vijana wanashinda pale, nusu yao wana wadogo kidato cha nne. Nilimwona Sista na rozari yake na ule uso wake usiobembelezeka. Nikaona na uga wa kaka, na mimi nimekaa hapo na kisu namenya ndizi za watu wengine maisha yangu yote. Nikamwambia fundi aitie diski kwenye kikasha, akifunge, anipe. Nilikitia kwenye mkoba nikaukumbatia, nikaenda kutafuta pikapu ya kukodi.

Njia nzima mpaka Kibosho nilikuwa nawaza jambo moja tu. Kaka alishamwambia baba auze ule mkokoteni kwa watu wa vyuma chakavu, na wanunuzi wa chakavu siku hizo walipita kila uchochoro wa mlimani. Nilimkuta baba kwenye migomba na panga lake. Nikamwamkia, "Shikamoo baba," na kabla hajaitikia sawasawa nikamuuliza iko wapi mashine yangu.

"Marahaba. Mbona unahema? Umefukuzwa?"

"Baba, mashine. Uliiuza?"

Aliweka panga chini. Kisha akatoa ufunguo mfukoni, akatangulia. Stoo ilinuka vumbi na kahawa ya zamani. Kule mwisho kulikuwa na rundo la magunia, akaanza kuyatoa moja moja, na chini yake ilikuwepo. Alikuwa ameipandisha juu ya mbao isipate unyevu, na ule ubavu uliokuwa wazi ameufunga kwa gunia na kamba ya mgomba panya wasiingie.

"Kaka yako alisema niuze," baba akasema. "Nikaona, kitu cha mtu huuzi yeye hayupo."

Tuliibeba pamoja mpaka kwenye pikapu. Nilimweleza kilichotokea, kwa kifupi, kwa sababu alikuwa anasubiri kuelezwa. Akasimama na mkono juu ya boksi.

"Kile kipande tulicholima pale kwako. Ndicho?"

"Ndicho."

"Sisi tulikikuta hakina mwenyewe."

Sijawahi kumjibu baba yangu, wala sikukusudia kumjibu siku hiyo. "Kilikuwa na mwenyewe, baba. Kilikuwa changu, na nilikuwa nimesimama palepale na birika, nikasema kisiguswe. Mkanituma sukari."

Aliondoa mkono kwenye boksi, akarudi kwenye migomba yake. Dereva akawasha gari, nami nikalia mpaka tukapita Shirimatunda.

Alhamisi mkokoteni uliwaka. Ulipiga kelele, ukatoa vumbi la kahawa kwenye feni, lakini uliwaka, ukaisoma diski, ukaongea na printa yake kupitia ile soketi pana kama watu wanaojuana. Nilifunga mlango na dirisha, nikachapa mchana kutwa nikiomba umeme usikatike. Ijumaa asubuhi Sista alizihesabu bahasha moja moja mbele yangu, akaangalia lakiri, akasema, "Mwakani pia." Kazi ile nilikaa nayo miaka mingi.

Kaka alinuna nilipomrudishia laptop. Alisema sina shukrani, na mpaka leo anasema.

Mvua za vuli zilipoanza nilipanda nyumbani kumpelekea baba dawa zake za macho. Hakuwepo uani. Nilimkuta nyuma, kwenye stoo ya kahawa, amepiga magoti kwenye udongo uliolowa, anashindilia mche kwa mikono. Masale mapya yalizunguka stoo yote, na yalishuka na kile kipande cha chini yake mpaka kwenye mfereji. Hakuinua kichwa.

"Mwambie kaka yako akija," akasema, "hapa pana mwenyewe."