Darubini na Kifua cha Mama

Mama alikataa kupigwa picha ya kifua kwa kutumia maneno yangu mwenyewe, mlangoni, mbele ya watu.

Tulitoka Murungu asubuhi kwenda hospitali Kibondo kwa sababu kikohozi chake kilikuwa kimegoma kuisha, na daktari alitaka kuyaona mapafu kabla ya kumwandikia dawa. Alikuwa mtulivu hadi tulipofika kwenye mlango wenye alama ya mionzi. Hapo akasimama.

"Hii eksirei si ndiyo ile uliyosema inatoka kwenye nyota zilizopasuka?"

Ni kweli nilisema. Tangu nimalize shahada ya fizikia nipo nyumbani nasubiri ajira, na tukipukuchua maharage nilikuwa namwonyesha kwenye simu picha za darubini zilizorushwa angani. Nilimweleza kwamba moja inapokea mionzi ya joto, ile unayoihisi ukisogeza mkono karibu na chungu cha moto, kwa hiyo inaona nyota zilizofichwa na vumbi. Nyingine inapokea eksirei kutoka kwenye gesi iliyochemka kupita kiasi, masalia ya nyota zilizolipuka zamani sana. Hewa inayoizunguka dunia inazuia eksirei hizo zisitufikie, ndiyo maana darubini ikapelekwa juu. "Mungu anajua alichokizuia," alijibu siku ile, nami nikacheka.

"Sasa leo mnataka kuniingizia alichokizuia Mungu?"

Watu kwenye benchi wakaangua kicheko. Mzee mmoja akasema, "Mama ana hoja. Haya msomi, jibu."

Nilijaribu. Nilisema darubini haitoi mionzi, inaisubiri ije. Mashine hii ndiyo inayotoa, lakini kidogo tu, kufumba na kufumbua, ingawa mionzi yote ina hatari yake, lakini ukilinganisha na...

"Lakini, lakini," Mama akanikata. "Mwana wanje, mwanangu, nijibu neno moja. Niingie?"

Nikawaza: nikisema ndiyo na ikamdhuru? Nikisema hapana na kifua kikaoza kwa sababu ya mdomo wangu?

"Ingia, Mama."

Akavua hereni, akavua mkufu wake wa msalaba, akaniwekea kiganjani na kuingia.

Mlango haukufungwa vizuri baada ya picha. Nilimsikia dada aliyekuwa anapiga picha akisema, "Mama yangu, nilisema vua kila chuma. Kuna kitu kimebaki begani."

"Nimevua."

"Kinaonekana. Hiki cheupe hapa."

"Hicho hakivuliki."

Dada yule akaniita ndani, sauti imeshuka. Kwenye kioo niliziona mbavu za mama yangu, na chini ya bega la kulia kipande kidogo cheupe, cheupe kuliko mfupa wowote.

"Mama, hiki ni nini?"

"Ni tulipovuka," alisema akifunga kitenge.

Nyumbani kwetu hiyo ni hadithi nzima. Tulivuka kutoka Burundi wakati wa vita, Mungu akatusaidia. Hakuna aliyeuliza zaidi, na mimi ninayeuliza kila kitu sikuwahi kuuliza. Kanisani watu wakiinua mikono yote miwili, Mama huinua wa kushoto peke yake. Nilipokuwa mdogo nilimwiga, nikidhani ndivyo watu wa ukoo wetu wanavyomsifu Mungu. Mpaka leo nainua mmoja.

"Kwa hiyo hukuogopa mionzi?"

"Mionzi niiogopee nini? Si wewe uliniambia inaonyesha vilivyolipuka zamani?"

Yule dada alijifanya anapanga vitu mezani.

Daktari alisema ni homa ya mapafu, akaandika dawa. Kuhusu kile chuma, alisema mwili umeshakizoea, kiachwe kilipo. Tulitoka nje, Mama akaninyooshea mkono nimrudishie vitu vyake. Nilikuwa nimevifumbata muda wote ule, na alama ya msalaba ilikuwa imebaki kiganjani.

Alivaa hereni taratibu, kwanza ya kushoto. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, "Kinaonekana kikubwa kiasi gani?"

"Kama punje ya harage."

Akakohoa, akajifuta mdomo na ncha ya kitenge.

"Miaka yote hii," alisema, "nilidhani ni kikubwa."