Mawese Meupe

Mke wangu alikuwa akisema nimezaliwa ndani ya treni, na kwamba hata nikikaa kitini miguu yangu inaendelea na safari. Sikumbishia. Miaka ile ya kwanza ya uhuru, hapa Kalemie ilipokuwa bado inaitwa Albertville, nani alitulia? Walimu Wazungu walipanda meli kwenda Kigoma, wakaacha madarasa na vitabu, nasi tuliobaki tukagawana masomo kama watu wanavyogawana vyombo vya marehemu. Mimi niliyesomea Kifaransa na hesabu nikapewa sayansi ya viumbe. Jioni nilisoma nitakachofundisha asubuhi, na asubuhi niliomba Mungu asiwepo mwanafunzi mwenye swali.

Hata hivyo hofu yangu kubwa haikuwa shuleni. Ilikuwa nyumbani, kwa binti yetu mdogo aliyekuwa ametoka kuugua surua. Homa iliisha, vipele vikakauka, na mchana alicheza na wenzake. Lakini jua likizama nyuma ya vilima, alianza kujikwaa kwenye kizingiti alichokizoea tangu anatambaa. Alipapasa mkeka akitafuta kikombe kilichokuwa mbele yake. Jioni moja aliita, "Mama, uko wapi?" na mama yake alikuwa amesimama palepale, karibu kumgusa. Akajibu "Niko hapa" kwa sauti ya kawaida kabisa, halafu akanitazama mimi. Nilitoka nje, nikaizunguka nyumba, nikarudi, nikatoka tena.

Dispensari haikuwa na daktari. Muuguzi aliyapanua macho ya mtoto kwa vidole, mchana kweupe, akayaona mazuri, akatupa dawa ya matone. Niliogopa kwamba giza lile la jioni lingeanza kumjia mapema zaidi kila siku, hadi limkute saa sita mchana.

Mke wangu alipigana na ugonjwa kwa njia aliyoijua, yaani jikoni. Mtoto alikataa sombe, yaani kisamvu, na samaki tangu surua, kwa hiyo alimpikia chakula cha mgonjwa: wali mweupe na mafuta meupe. Hapo lazima nieleze. Mawese yetu yalikuja kwa treni kutoka upande wa Kabalo, mekundu mazito. Mama wa mjini hakuyapika hivyo. Aliyatia kwenye sufuria, akayaweka juu ya mbabula yenye makaa makali, akayachoma mpaka moshi ukatoka na wekundu wote ukaondoka, yakabaki maangavu kama chai nyepesi. Mawese mekundu yalikuwa ya kijijini, na yalichafua kola za waume wanaokwenda biro, kazi za ofisini. Mke wangu alikuwa fundi wa kuchoma. Majirani walimletea bidoni zao, madumu ya mafuta. Tangu fujo zianze na treni kuwa za kubahatisha, alikuwa amechoma akiba yetu yote kwa mkupuo, akisema yaliyochomwa hayaozi.

Asubuhi moja niliandika ubaoni: *les corps gras*. Kijana wa dawati la nyuma, ambaye baba yake alikuwa dereva wa treni, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, *corps gras* njo miili ya bantu banene?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu jioni iliyotangulia nilikuwa nimesoma nusu ukurasa mzima nikiamini hivyohivyo, nikishangaa kwa nini mabwana wanene wanayeyushwa ndani ya petroli. Nikawaambia kwamba hayo ni maneno ya Kifaransa ya kuyaita mafuta, yote kwa jumla: mawese, siagi, mafuta ya nguruwe, hata nta ya nyuki.

Nikachora. Gliserini ina mikono mitatu, na kila mkono umeshika mkia mrefu. Mchoro wangu ulitoka kama kitana kilichobaki na meno matatu. Nikasema mikia hiyo inayachukia maji, ndiyo maana mafuta huelea juu ya mchuzi. Nikasema mwili huyaweka kuwa akiba ya nguvu kwa siku za njaa, na mmoja akajibu kwamba basi kwao akiba imekwisha zamani. Nikasema wapo ndugu wa mafuta hayo wenye mikia miwili na kichwa kinachopenda maji. Hao hujipanga safu mbili, mikia ndani, vichwa nje, na hiyo ndiyo ngozi ya kila seli ya mwili wetu. Bila ua huo wa mafuta, mtu angekuwa mchuzi tu.

"Kazi nyingine ni kubeba," nikaendelea. "Kuna vitamini isiyokubali kusafiri ndani ya maji. Inapanda mafuta tu."

"Sawa na treni," akasema yule mtoto wa dereva. "Njia ikikatika, abiria wanabakia Kabalo."

Wakacheka tena. Nikasoma kitabuni kwa sauti: vitamini hiyo ndiyo ambayo jicho huitumia kuona penye mwanga hafifu, na asili yake imo katika rangi ya manjano na nyekundu ya mimea, karoti, na mawese.

"Na ile mawese mama anachoma mpaka inakuwa meupe?"

Sijui ni nani aliyeuliza. Kitabu hakikutaja mambo ya mbabula zetu. Kilisema tu kwamba rangi ndiyo dawa yenyewe, na kwamba moto mkali huiua. Niliwaambia wanakili mchoro. Nikaweka chaki mezani, nikaenda nyumbani kabla ya kengele, nikitembea mbio kama mtu anayefukuzwa.

Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Nikaanza kumweleza gliserini na mikono yake mitatu.

"Papa, usinifundishe mambo ya mikia. Mafuta njo mafuta."

"Rangi njo dawa, Mama. Ukiichoma, dawa inakufa."

Akaweka ungo chini. "Unasema njo miye nilimupofusha mutoto wangu?"

Jibu lolote lingekuwa jiwe. Nilimwonea huruma, na hapohapo nikakasirika, na sikujua namkasirikia nani. Akasimama, akaifungua bidoni, akaniinamishia nione. Yalikuwa meupe mpaka chini.

"Basi utafute mekundu. Miye sina hata tone moja."

Nilikwenda stesheni, reli zilikuwa zimeanza kushika kutu. Nilikwenda sokoni, hakuna. Kila siku baada ya darasa nilikuwa njiani kati ya stesheni na bandari, mpaka mbwa wakaacha kunibwekea. Mwishowe ikafika mashua ya wachuuzi kutoka Kigoma, na mama mmoja alikuwa na chupa ya mawese ya kupikia chakula chake mwenyewe, imezibwa kwa gunzi la hindi.

"Mwalimu na shati nyeupe," akasema, akitazama chaki vidoleni mwangu, "leo unataka mawese ya kijiji?"

Nilimweleza habari ya mtoto. Aliacha kunitania, akanipa chupa nzima. Niliibana kifuani njia nzima, na gunzi likavuja.

Mke wangu hakuyapitisha motoni. Aliyamwagia juu ya wali wa moto, akatazama wekundu ukienea kwenye sahani, uso umemkunjamana kama anayempa mtoto shubiri. Mtoto alilamba mpaka vidole. Tukaendelea hivyo kila mlo. Wanasema subira huvuta heri. Mimi nilikuwa navuta heri kwa kamba. Kila jioni nilimpungia mtoto mkono mbele ya macho.

"Mwache, Papa," mke wangu alisema. "Hata mwenye macho mazima atachoka na mikono hii."

Shati nalo alilifua na kulifua. Nilimwambia sabuni ina mkia wa kushika mafuta na kichwa cha kushika maji. Akajibu kwamba mkia huo ungefanya kazi yake basi. Doa lilibaki mfukoni, rangi ya chungwa, nami sikuwa na shati jingine la kazi.

Siku moja nilirudi kutoka stesheni, ambako hata sasa sikuwa na shughuli. Jua lilikuwa limekwisha kuzama na nyumba ilikuwa ikiingia giza. Mke wangu alikuwa ameinama juu ya taa, kibiriti mkononi. Mtoto, aliyekuwa kwenye mkeka, akainua kichwa.

"Papa, shati yako iko na mawese."

Mama yake hakugeuka. "Wapi?" akauliza, polepole.

"Pale. Ku mufuko."

Mke wangu hakuwasha taa. Aliketi sakafuni, akaanza kulia. Nikakaa karibu naye, na sikuinuka tena mpaka giza lilipotufunika wote watatu.