Rangi ya Nanga

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyenipa umri mrefu wa kuwazika walio wadogo kwangu, na subira ya kuyapokea hayo.

Mwaka ule nilikuwa mlinzi wa bustani ya maghorofa kule Jumeirah Lake Towers, nchi ya Waarabu. Wenye bustani walinunua nanga ya meli ya kale, meli iliyowaleta walowezi pwani kwetu, wakaisimamisha juu ya jukwaa la marumaru. Kibao chake kiliwasifu waliofika kwenye nchi tupu. Babu zangu walikuwa wakiishi katika nchi hiyo tupu.

Fundi rangi, Mkenya wa pwani mwenye watoto watatu, alipewa kazi ya kuipaka rangi nyeusi kabla wageni hawajaja kuizindua.

"Maalim," aliniita, "hii ndiyo iloleta wazungu kwetu, na leo mimi ndiye naipaka wanja!"

"Ipake basi, bibi harusi anangojewa."

Tulicheka.

Ilikuwa Agosti. Msimamizi hakutaka fundi apumzike mchana. Baada ya adhuhuri nilimkuta ameanguka chini ya nanga. Hospitali walisema ni joto. Alikuwa amekwisha kufa.

Mkewe alinipigia simu kutoka Mombasa. "Maalim, najua simwoni tena. Nakuomba kitu kimoja: aoshwe kama sheria itakavyo."

Nikaahidi, kwani nje ya zamu yangu ya ulinzi nilikuwa nikiosha maiti. Lakini mikono yake ilijaa ile rangi ya chuma, na penye rangi maji hayafiki kwenye ngozi. Nilisugua kwa mafuta ya nazi na kitambaa. Viganja vikatakata. Vidole vya mkono wa kulia vikagoma.

"Yalla, Maalim, khalas, yatosha," alisema muoshaji mwenzangu, mtu wa Unguja. "Nje wanasubiri maiti wengine wawili."

"Mkewe ameniomba."

"Na ngozi je? Hebu tazama."

Nikatazama. Ilikuwa imeanza kuchunika. Maiti haumizwi, hilo nimelisomesha miaka mingi. Nikaweka kitambaa chini. Nikatoka nje, nikachota mchanga safi, nikamtayamamisha, maana mchanga hushika nafasi ya maji pale maji yanaposhindwa. Tukamvisha sanda, vidole vyeusi vikiwa ndani.

Jioni mkewe aliuliza, "Alitakata?"

Nilimweleza yote, sikuficha hata kidole. "Alhamdulillahi, Maalim," akasema, kisha simu ikakatika.

Nawe uliyesoma, Mola akujaalie mikono ya upole siku ya kuoshwa kwako, na akuangazie kaburi lako. Amin.