Cherehani ya Agnes

Kwa miaka minne gari la Ambakisye lilikunywa maji ya kijito. Kila alfajiri, kabla hajapakia abiria wa kwanza pale Ikinga, aliteremka ukingoni na galoni ya manjano, akachota, akafungua boneti na kuijaza rejeta mpaka ikafurika. Madereva wenzake wa milima ya Ileje walifanya vivyo hivyo. Ile dawa ya kijani ya kupoozea injini inayouzwa kwenye maduka ya vipuri Tunduma waliiona ni kinywaji cha magari ya wakubwa.

"Maji yetu yanatoka mwambani," alipenda kuwaambia abiria. "Yanatufaa sisi, yatashindwaje kulifaa gari?"

Abiria walicheka, naye alicheka. Huko ndani maji yale matamu yalikuwa yanakila chuma kidogo kidogo, kama deni linavyomla mtu anayecheka.

Gari lenyewe lilikuwa mchomoko, kigari cha watu watano ambacho huku hupakiwa wanane. Alilinunua kwa fedha za kahawa ya misimu miwili na mkopo wa kikoba cha kanisani. Kikoba kilitaka mdhamini. Alijitokeza dada yake Agnes, mjane, fundi wa kushona, ambaye ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Kwenye fomu, mahali pa dhamana, Agnes aliandika kwa mwandiko wake wa darasa la saba: cherehani moja ya miguu.

"Usipolipa nitakushona huo mdomo unaopenda kucheka," alimwambia.

"Na nikilipa, dada?"

"Ukilipa utanipeleka Tunduma bure. Kiti cha mbele, dirisha wazi, nijione na mimi mtu."

Basi akawa analipa. Wiki nyingine alilipa kamili, wiki nyingine nusu na maneno mazuri. Ukaingia Desemba ya mwaka wa nne, ambao wanachama walikubaliana kuvunja kikoba. Kila mwenye mkopo sharti aurudishe kabla ya Jumapili ya kugawana, ili wanachama wapate cha Krismasi na cha mbolea. Ambakisye alibakiwa na deni la laki sita. Kwenye simu alikuwa na laki tatu na themanini, na siku kumi na tisa mbele yake.

Jumatatu asubuhi, katika mwinuko wa mwisho kabla ya Mpemba, mvuke mweupe ulifumuka kwenye boneti, gari likakohoa mara mbili na kunyamaza. Lilivutwa kwa kamba hadi mtaa wa Sogea, Tunduma, kwenye gereji ya fundi Rubeni, hatua chache kutoka foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Zambia.

Rubeni alifungua rejeta. Ukatoka uji mzito wa rangi ya udongo.

"Hiki ni nini, mzee? Ugali wa ulezi?"

Ambakisye aliinama kuutazama.

"Umelinywesha maji ya wapi?"

"Ya kijito cha kwetu, Ikinga."

"Matamu?"

"Matamu sana."

"Basi yamelila." Rubeni alijifuta mikono kwa kitambaa cheusi. "Gasketi imeungua, hedi limepinda, rejeta haifai hata kwa chuma chakavu. Pamoja na mkono wangu, laki tatu na sitini."

"Punguza, fundi."

"Nimeshapunguza. Niliuona uso wako kabla sijataja bei. Na amua leo, gasketi iliyobaki dukani kuna Mzambia anaizungukia tangu asubuhi."

Ambakisye alikaa juu ya tairi kuukuu, akapiga hesabu. Bila gari, zile laki tatu na themanini zingebaki zilivyo, na bado zisingetosha. Gari likipona, Desemba ina abiria wanaorudi nyumbani na vifurushi, na siku moja nzuri yaweza kuleta elfu arobaini. Hesabu ilikuwa sahihi. Alibonyeza namba ya siri, fedha ikaondoka.

Jioni mkewe alimwuliza, "Umemwambia dada?"

"Nitamwambia."

"Jina lake ndilo liko kule, Ambakisye."

"Nimesema nitamwambia. Ngoja kwanza gari litoke."

Gari lilitoka siku ya nne, likiunguruma kama jipya. Lakini Rubeni aliliwekea sharti. Chuma kilishaliwa, alisema, kwa hiyo mlimani lisijazwe. Abiria wanne tu, wa tano akiwa mtoto wa kupakatwa.

Pale kituoni, wenzake waliokuwa wakipakia abiria hadi mapajani walimcheka. "Siku hizi umekuwa teksi? Au unapakia mawaziri?" Alicheka nao. Alipanda milima akiwa na viti vitupu, akiwaacha watu wanaompungia mkono kwenye mvua, jicho lake likiwa kwenye mshale wa joto. Siku nzuri ilileta elfu ishirini na tano. Siku mbaya ililipia mafuta tu. Mara tatu alipita mbele ya nyumba ya Agnes. Mara zote tatu alisikia mlio wa cherehani, maana msimu wa sare za shule ulikuwa umewadia, na mara zote tatu alipiga honi tu, akapita.

Jumamosi, siku moja kabla ya kikoba kuvunjwa, alikuwa na laki tatu na kumi. Mchana huo ndipo alipopata miguu ya kwenda kwa dada yake.

Alipofika barazani hakusikia mlio wowote. Cherehani ilikuwa mlangoni, imefungwa kwa blanketi na kamba ya katani, kama mgonjwa anayengoja kubebwa. Agnes alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Rudisha gari kinyumenyume, usikanyage mboga zangu."

"Dada, hii unaipeleka wapi?"

"Mama Judith wa kikoba alikuja jana, akanisomea daftari na kunisimulia habari za gari lako. Nimepata mnunuzi Tunduma, atanipa laki tatu. Sitaki wale wanawake waje kuibeba kichwani, waipitishe mbele ya kanisa watoto wakifuata nyuma."

"Nilitaka kukuambia."

"Ulitaka lini?"

Mvua nyepesi ilikuwa ikidondoka kwenye migomba.

"Gari ni chuma," Agnes alisema, na sauti yake haikuwa na hasira, ingawa mdogo wake angetamani iwe nayo. "Linaharibika, linatengenezwa. Ungeniambia Jumatatu ile, ningechukua malipo ya awali ya sare za watu na kuongezea palipopungua. Wazazi walikuja na fedha mkononi, nikawaambia wakae nazo, watalipa nguo zikiisha. Leo asubuhi nimezunguka nyumba kwa nyumba kuwarudishia vitambaa."

"Nilidhani nitawahi."

"Najua. Ukiwa mtoto ulikuwa hivyo hivyo. Unavunja chungu, unakaa kimya ukingoja kijiunge chenyewe. Shika huku, mdogo wangu, ni nzito."

Waliiingiza nyuma, baada ya kulaza kiti. Agnes akafungua mlango wa mbele, akaketi, akateremsha kioo mpaka chini. Ambakisye akakumbuka ile ahadi ya kiti cha mbele. Dada yake akafungua fundo la kitenge, akaweka noti juu ya dashibodi.

"Dada, usinifanyie hivi."

"Ni nauli. Ukifika Tunduma linunulie ile dawa ya kijani. Gari hili sasa ndilo lililobaki."

Walipopita kwenye kijito hakusimama. Barabara ya udongo ilikuwa na makorongo mapya ya mvua, na kila liliporuka gari, gurudumu la cherehani kule nyuma, chini ya blanketi, lilizunguka lenyewe na kutoa ule mlio wake mdogo wa chuma. Ambakisye aliutazama mshale wa joto, kisha macho yakamshuka, akauona mguu wa Agnes. Kila mlio uliposikika, mguu ule ulikanyaga sakafu ya gari taratibu, ukainuka, ukakanyaga tena, mwenyewe akiwa ametazama nje, uso wake ukilowa kwa mvua iliyoingia dirishani.