Mama Tope wa Katonga na Ndoo ya Deki

Saa moja asubuhi pale Katonga, ufukweni mwa ziwa, wanawake wanagombania dagaa, naye Vénérande Nizigama anahangaika na tope. Anaingia majini mpaka magotini, anachota kwa kopo, anamwaga, anachota tena. Wachuuzi wamemzoea.

"Mama Tope, leo unapika nini?" anamtania mmoja.

Anacheka tu na kuendelea na kazi yake.

Ndani ya tope hilo mna minyoo wasiofika hata milimita moja, miili yao inaonyesha mpaka utumbo. Wanaishi katikati ya chembe za mchanga na kula bakteria. Vénérande, mkimbizi kutoka Nyanza-Lac, Burundi, huwaokota mmoja mmoja chini ya hadubini kwa unywele wa kope ulionatishwa kwenye kijiti. Kope ni zake mwenyewe.

"Zimebaki chache," anasema, "lakini nani ananiangalia?"

Kazi hiyo alipewa na Eliakimu, mtafiti wa viumbe vya ziwani, aliyefika kambi ya wakimbizi mwaka 1997 akitafuta mtu mwenye mkono mtulivu. Akaonyeshwa vikapu alivyosuka Vénérande. Ndipo mama huyu akapata kibali cha kutoka kambini na chumba Rusimbi, anakoishi na bintiye, Mélanie. Kazi ikiisha, kibali nacho kinakwisha.

Na kazi ilikuwa ukingoni. Aina moja ya mnyoo wa Katonga iliwashinda: mkia wake ulichongoka kwa namna ambayo haikufanana na aina yoyote waliyoijua. Tatizo, kila waliyemwokota alikuwa jike. Minyoo hawa hutambuliwa zaidi kwa dume, kwa vile vijiti viwili vilivyopinda karibu na mkia, anavyotumia kupandana. Bila dume asingepewa jina, na wafadhili walishasema watafunga utafiti mwezi wa sita.

"Nilikuwa nawaonea huruma," anasema Vénérande. "Wanawake peke yao, kama foleni ya maji kambini."

Foleni hiyo ndiyo iliyomzoesha kutomwaga maji ovyo. Kambini, maji yaliyofulia nguo yanapigia deki. Basi maji ya tope yaliyopita kwenye chujio la kunasia minyoo, ambayo Eliakimu alitaka yamwagwe, yeye aliyaweka kwenye ndoo nyuma ya mlango wa maabara, ya kupigia deki. Kila wiki walikwaruzana kwa ajili ya ndoo hiyo.

Mwezi wa tano bomba likakauka. Eliakimu, na haraka zake, akachota maji ya ndooni kusuuza kisahani, akakisukuma chini ya hadubini bila kukikausha. Akachungulia, akachungulia tena.

"Mama Mélanie, hebu njoo."

"Nikajua nimeharibu," anakumbuka. "Nachungulia, kumbe wanaume wamo humo, wembamba, wanapenya chujio letu siku zote. Miezi yote hiyo nawapigia deki sakafuni. Nilicheka mpaka nikalia."

Eliakimu naye alicheka, maana chujio alilichagua mwenyewe. Utafiti ukaongezewa muda, na kibali kikagongwa muhuri upya.

Siku hizi Vénérande anawaza kwao. Amani ikirudi, anataka kwenda na kopo lake Nyanza-Lac, akaone kama minyoo hao wapo upande ule. Ziwa, anasema, ni hilo hilo.

"Nitaanzia pale nilipokuwa naosha vyungu na mama. Mama sijui kama bado yupo," anasema, akifunika kopo. "Tope najua lipo."