Dishi kwenye Roshani ya Bi Kosbab

Nazife aliporudi kutoka hospitali baada ya kiharusi, Kijerumani chote alichojifunza kwa miaka thelathini hapa Duisburg kilikuwa kimemtoka. Kilichobaki ni Kituruki cha utotoni, tena maneno ya kuhesabika. Televisheni ikiwashwa aliigeuzia mgongo akalia, kama mtu anayesengenywa na wageni ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Mumewe, Hidayet, mchimba makaa mstaafu, akanunua dishi, nguzo na king'amuzi ili mkewe apate vituo vya Kituruki, akasema atafunga mwenyewe. Kumbe setilaiti ya kwao iko kusini mashariki, na roshani yao inatazama kaskazini. Hapo hata ungefunga madishi kumi, ni kazi bure.

Roshani iliyofaa ilikuwa ya jirani wa mlango wa pili, Bi Kosbab, mjane ambaye kwa miaka kumi na mmoja salamu yake ilikuwa kufunga dirisha kwa kishindo Nazife akikaanga vitunguu. Hidayet akavaa shati safi, akabisha hodi.

"Bi Kosbab, nina ombi zito."

"Kama ni vitunguu, nimeshazoea."

Akamweleza.

"Marehemu mume wangu naye," akasema yule mama, "siku za mwisho aliongea lugha ya mama yake tu. Sikuelewa hata neno. Haya, ingia. Ila maua yangu usiyaguse!"

Jumamosi asubuhi Hidayet akafunga nguzo, akaipima mara tatu kwa pima maji, maana ikiinama hata kidogo vipimo vyote vinadanganya. Akaelekeza dishi kwa dira, akavuta waya kupitia koridoni hadi kwake. Lakini pale aliposimama televisheni haionekani. Basi Nazife akakalishwa mbele ya kioo cha televisheni, na Bi Kosbab akasimama koridoni, kati ya milango miwili iliyo wazi.

"Akisema *geldi*, ujue picha imekuja. Nipigie kelele."

"*Geldi*. Na asiposema?"

Hidayet akarudi kwenye dishi. Ilikuwa siku ya nne Nazife hajafungua kinywa.

Akasogeza dishi upana wa ukucha, akangoja. Akasogeza tena, akangoja. Saa nzima ikapita, upepo unakata masikio. Mara Bi Kosbab akapaza sauti:

"Amesema! Lakini siyo *geldi*! Anasema *mont*, *mont*!"

Hidayet akashika ukingo wa roshani, akacheka huku machozi yanamtoka.

"Anataka nivae koti."

"Si uvae, mzee mkaidi wewe! Ungeniuliza mimi ningekwambia tangu asubuhi!"

Akavaa. Akainua uso wa dishi kidogo tu.

"*Geldi!*"

Safari hii alikuwa Nazife mwenyewe, kwa sauti iliyofika hadi roshani bila tarishi.

Hidayet akakaza nati mojamoja, asije akalitikisa dishi, kisha akakimbilia ndani. Kwenye kioo mwanamume mmoja alikuwa akikoroga supu. Nazife akamnyooshea kidole.

"Chumvi ametia nyingi mno, mjinga huyu."

Hidayet akaketi sakafuni, akalaza kichwa kwenye magoti ya mkewe. Nazife akamshika nywele kwa mkono ambao kiharusi hakikuupooza.

Bi Kosbab alikuwa bado amesimama mlangoni.

"Naweza kuona na mimi?"

Nazife akagonga kiti cha pembeni. Jirani akakaa mpaka mchana, kila mara akiuliza, "Huyu anasemaje?" Nazife naye akawa anamjibu, kwa Kituruki.