Siku Niliyopalilia Nyasi za Watu

Hata sasa nikiandika haya masikio yananiwaka, maana yule msichana mnayesimuliwa, aliyefyeka bustani ya shule mbele ya wazazi wa watu halafu akalia mpaka kamasi, si mwingine ila mimi, na nimeona heri niseme mwenyewe kabla Mateo wa darasani kwetu hajawaongezea chumvi.

Kwanza mnijue. Mimi ni wa kunyamaza. Darasani nikiulizwa swali najibu kwa kichwa, na nikilazimishwa kuongea sauti inarudi tumboni. Tunakaa Blacktown, huku Australia, mimi na mama, mama ni nesi hospitali ya Westmead, na upande wa pili wa ua alikuwa anakaa Dona Lurdes, bibi wa Kibrazili ambaye mama alianza kumwita Kukhu, yaani nyanya kwa lugha yetu, siku ile ile alipomwona akikata sukuma wiki. Wee, siku hiyo! Mama alikuwa anaanika nguo, akachungulia, akaona mzungu mzee amekunja majani kama sigara kubwa anayakata nyembamba nyembamba, vile vile tunavyokata kwetu Bungoma, mama akaziacha nguo kwenye beseni akaenda kusalimia. Kwao wanaiita couve na wanaikaanga na kitunguu saumu. Tangu hapo mabakuli yakawa yanavuka ule ua, na hakuna lililorudi tupu.

Mimi nikitoka shule nilikuwa naweka begi chini naenda kwake. Alikuwa akiniita kutoka kwenye matuta, "Vamos carpir, filha!" yaani twende tukapalilie, binti yangu, na hapo sikuwa na haya hata kidogo (jembe halikuangalii usoni). Aliniambia amekulia kwenye mashamba ya kahawa, na utotoni neno hilo carpir lilikuwa ni jembe, jua na mgongo kuuma, basi. Halafu akaolewa na Mreno. Siku ya kwanza kumwambia mama mkwe kwamba anaenda carpir, mama mkwe akamuuliza nani amekufa, kwa sababu kwao Ureno neno hilo ni kulia, kuomboleza, na zamani kulikuwa na wanawake wa kulipwa waliokuja matangani kulia na kujing'oa nywele. Dona Lurdes alikuwa akifika hapo anacheka mpaka anashikilia mpini.

Nikaenda kulitafuta neno hilo maktabani. Nikakuta Warumi walisema carpere, kuchuma, kunyofoa kwa vidole, kwa hiyo mkono ni ule ule mmoja, wengine ukawapeleka kwenye magugu na wengine kwenye nywele za msiba. Na Mateo akaniambia babu yake aliyetoka Uruguay anasema carpir kwa Kihispania, na yeye anamaanisha magugu tu, wala halii.

Sasa mwalimu wetu, Miss Helen, akatupa kazi: siku ya wazazi kila mtu asimame azungumzie neno moja la lugha isiyo yake. Wiki hiyo hiyo Dona Lurdes alituambia anahamia Perth kwa mwanawe, magoti yamekataa, nyumba itauzwa. Alisema kwa kawaida tu, akipanga majani. Mimi nikasema kitu ambacho mdomo wangu haujawahi kusema: "Kukhu, njoo shuleni. Nitasema neno lako mbele ya watu."

Alikubali haraka mno, nikaogopa.

Basi nikawaza, nikisimama pale na mikono mitupu nitazimia, afadhali nionyeshe kwa vitendo, watu waangalie jembe wasiniangalie mimi. Miss Helen akasema sawa, tutafanyia nje nyuma ya ukumbi, kuna bustani, mimi nichukue kona yenye magugu. Hakusema kona ipi, na mimi (mnanijua) sikuuliza. Asubuhi hiyo nikapanda treni na jembe la Dona Lurdes limefungwa kwenye kanga ya mama, abiria wote wakisogea kando kama nimebeba bunduki.

Nilifika mapema. Na hapa ndipo uamuzi mdogo uliponiponza: nikasema nianze kidogo kabla watu hawajaja, nipashe mwili moto. Nikaona tuta limezungushiwa mbao, limejaa manyasi membamba yamesimama hovyo hovyo, nikasema moyoni, hawa watoto wa Australia ni wavivu jamani, shamba limewashinda. Jua lilikuwa kali, nikavua sweta nikaitundika kwenye kijiti kilichokuwa pale pembeni. Nikainama. Aki nilipalilia! Nilisahau hotuba, nilisahau shule, nilikuwa nyuma ya nyumba ya Dona Lurdes saa kumi jioni. Kila nyasi niliing'oa na mizizi yake nikairusha njiani ikaukie. Nilibakisha miche michache tu ya managu, mboga ya kwetu, iliyojiotea katikati, nikaipandishia udongo vizuri, maana hakuna mtoto wa Bungoma anayeweza kung'oa managu.

Niliponyanyuka watu walikuwa wamekaa. Dona Lurdes alikuwa mstari wa mbele na gauni lake la kanisani, mama kando yake bado na sare ya kazi. Nyuma yao likaja kundi la watoto wa darasa la kwanza, wakiwavuta wazazi wao kwa mikono, na kasichana kamoja mbele kakisema, "Njooni muone, ni hapa!" Kisha kakasimama ghafla.

Mateo akatoa sweta yangu kwenye kijiti. Kumbe ni kibao. Akasoma kwa sauti, taratibu, kama anasoma Biblia: "Nyasi za asili za eneo hili. Zimepandwa na wanafunzi wa darasa la kwanza. Tafadhali usiguse."

Sikumbuki nani alianza kucheka. Kasichana hakakucheka, kalikuwa kanaangalia lile rundo njiani. Miss Helen akaja mbio, akaninong'oneza, "Na hii uliyoiacha, Nekesa?"

"Ni managu, Miss. Ni mboga."

"Hapa hiyo ndiyo magugu."

"Nekesa!" Huyo alikuwa mama, na akilitamka jina langu hivyo Bungoma nzima inasikia.

Nikaanza kulia. Nilitaka kukimbilia stesheni, na ningekimbia kweli, lakini nikamwona Dona Lurdes. Hakuwa anacheka wala hakuwa amekasirika. Alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, amekaa mbele kidogo ya kiti, kama mtu anayesubiri jina lake liitwe. Jumamosi alikuwa anaondoka.

Nikasema. Nilisema nikivuta kamasi, na jembe mkononi, kwamba neno langu ni carpir, nikasema kahawa, nikasema mama mkwe, Warumi, babu yake Mateo, nikasema aliyenifundisha ni yule pale na anatuacha, na kwamba nyasi za watoto nitazirudisha moja moja. Sauti ilikuwa kama ya kuku. Lakini ilitoka.

Dona Lurdes akapiga makofi peke yake, halafu akavua viatu akapiga magoti mabovu yale kwenye udongo na kumwambia kasichana, "Lete hizo nyasi, filha, kabla hazijakauka." Tulipanda sote na nguo zetu zile zile, mama naye, Mateo akibeba maji na bado ananicheka. Nyingi zilikufa. Chache zilishika.

Aliniachia jembe. Tangu siku ile sitii jembe kwenye udongo wa mtu kabla sijaonyeshwa kila kilichopandwa, na kabla ya kutundika sweta nazunguka kijiti mara mbili. Wenye nyumba wapya wamemwaga zege pale kwenye matuta. Ila mwezi uliopita chipukizi la sukuma lilichomoza chini ya ua, upande wetu, katikati kabisa ya njia ya kwenda kwenye kamba ya nguo. Mama akasema, "Ling'oe hilo, limekaa vibaya." Nikamwambia sawa.

Hakuna aliyeling'oa. Yeye mwenyewe nimemwona, na beseni kiunoni, analizunguka.